Komoni ya Umeme

Mwanangu Zita,

Mtu aliyeleta umeme Mkuyuni ni mimi. Usicheke. Wale wa nguzo walileta nguzo, wakaleta nyaya, wakaleta na gari lenye ngazi, wakaondoka zao. Umeme wenyewe ulibaki juu kule haujui ufanye nini zaidi ya kuwasha balbu na kuchaji simu za watu wasio na wa kumpigia. Mimi ndiye niliyeushusha, nikauingiza ndani ya pipa, nikaufundisha kazi. Kuanzia hapa mpaka Kisaki, ukiuliza nani alipika komoni ya kwanza kwa umeme, watakutajia Deo. Wasiponitaja, hao ni wageni, wala usipoteze muda wako nao.

Nakuandikia mchana huu kwa sababu umekwenda kusukwa na mama yako amekwenda mashineni kusagisha. Nyumbani tupo mimi, bibi yako na kuku. Kesho alfajiri mjomba wako anakuchukua mpaka Kisaki ukapande treni ya Mbeya. Ningeweza kukwambia kwa mdomo haya ninayoandika, ila mdomo wangu unaujua, ukifunguka unamsifia mwenye mdomo. Kalamu angalau inachosha mkono, mtu anafupisha uongo.

Habari za sabuni, soksi, usilale kwa nani na usile wapi, sina. Mama yako ameshakuandalia orodha ndefu kuliko litania ya watakatifu wote. Mimi nina jambo moja, nalo ni ile fomu yako.

Nimeiona. Ulikuwa umeificha chini ya godoro, na mimi nilikuwa natafuta betri ya tochi, kwa hiyo sote tuna makosa. Chuo kilikupokea kusomea umeme. Ukawaandikia barua ukaomba wakubadilishie, wakakuwekea ushonaji. Sina ugomvi na ushonaji, hata suruali niliyovaa kuna mtu kaishona. Ila wewe tangu ukiwa na miaka minane unafungua redio za watu bila ruhusa na kuzirudisha zikiongea vizuri zaidi. Ushonaji umeutoa wapi? Wewe unajua ulikoutoa, na mimi najua. Mjomba wako ameniambia wiki mbili za kwanza chuoni mtu anaruhusiwa kurudi kwenye fani aliyochaguliwa mwanzo. Kwa hiyo una wiki mbili. Isome hii kwenye treni, mpaka mwisho, usiirukeruke kama ulivyokuwa unaruka misa za Kwaresma.

Nianze na gesi, maana watu wamesahau kwamba hata gesi niliileta mimi.

Nilipomwoa mama yako nilikuwa na miaka kumi na tisa na cheti cha kuacha shule kidato cha pili. Cheti chenyewe sikupewa, ila nakihesabu. Wewe ukaja mwaka huohuo, ndiyo maana ukitembea na mimi sokoni watu wanadhani ni kaka yako, na mimi huwa siwakatazi. Nilikuja kuishi huku kwa kina mama yako, kwa utaratibu wa Kiluguru unaoujua: shamba la ukoo wa mama, mtoto wa ukoo wa mama, na mimi nisipokaa vizuri nitaamka siku moja nimeandikwa mali ya ukoo wa mama. Nikamkuta bibi yako Skolastika anapika komoni kwa kuni, na watu wanashuka kutoka Kinole kuja kuinywa. Mahindi yake, kimea chake cha ulezi, mwiko wake mrefu kama mpini wa jembe. Kitu pekee ambacho hakikuwa chake ni pumzi, maana moshi uliichukua yote. Alikuwa akipika siku mbili, anakohoa nne.

Nikaleta mtungi. Nilipanda nao bodaboda kutoka Morogoro mjini nimeukumbatia kama bibi harusi, na kila aliyetuona aliamkia mtungi kwanza. Bibi yako alikaa siku tatu akiutazama kwa mbali, kama mgeni aliyeingia uani bila kupiga hodi. Siku ya nne akakutuma wewe.

Na hapa nieleze kitu, maana huko Mbeya ukiwasimulia hawatakuelewa usipoanza nacho. Wewe umekulia ndani yake, unaona ni kawaida. Mimi kwa bibi yako ni mkwe. Bibi yako ni mtu wa zamani, na kwake mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai jiko moja. Yeye akikohoa mlango wa mbele, mimi natoka wa nyuma. Tukikutana njiani nasimama pembeni naangalia vidole vyangu, "Shikamoo mama," "Marahaba mkwe," basi, kila mtu na njia yake. Miaka kumi na nane sijawahi kumwangalia machoni, nikiulizwa yana rangi gani sijui. Sasa pika pombe na mtu wa namna hiyo! Mapipa yake, majiko yangu, jiko moja, na hatuwezi kuwa ndani kwa pamoja.

Ndiyo maana tulikuwa na wewe. Ulianza kubeba maneno yetu ukiwa na miaka sita. Yeye yuko ndani, mimi niko nje, katikati ukuta wa udongo ambao hata kuku akipiga chafya unasikia.

"Zita, mwambie baba yako moto mkubwa."

"Baba, bibi anasema moto mkubwa."

"Mwambie nimesikia."

"Bibi, baba amesikia."

"Mwambie akisikia apunguze."

Hivyo ndivyo komoni bora kuliko zote bondeni huku ilivyokuwa ikipikwa, na ulikuwa unalipwa ukoko.

Gesi ilikuwa nzuri mpaka siku ilipokatika. Kuni zikikuishia unaziona zinaisha. Mtungi hausemi. Ule wa kwetu ulikatika kuamkia siku ya gulio, upishi wa pili, unga ndiyo kwanza umeanza kuchezacheza. Upepo wa mlimani nao siku hiyo ulikuwa unaingia mpaka chini ya pipa. Nikasema liko sawa, limeshaiva. Ukapeleka ujumbe huo, bibi yako akaniamini, akatia kimea. Kesho yake kilabu kizima kilihamia migombani. Watu wazima, na wajumbe wa serikali ya kijiji wamo, wanagombania migomba mipana. Bibi yako hakunisema. Alikutuma uniulize swali moja tu: "Uliona limeiva, au ulitaka liwe limeiva?" Ni swali zuri, mwanangu, nimetembea nalo muda mrefu na sijalizoea.

Basi, umeme. Nilikwenda mjini kununua mpira mpya wa gesi, nikaingia hoteli moja kunywa chai. Nyuma kule nikaona pipa la maji limetobolewa ubavuni, limechomekwa hita ndefu kama mkono wangu, maji yanachemka bila moto wala moshi, na mpishi anasuka nywele za mwenzake. Chai yangu ikapoa. Nilirudi na hita, nikaja na waya mnene, na mpira wa gesi sikununua.

Hapo ndipo nilipofanya ufundi. Nilitoboa pipa kwa msumari na nyundo, tundu likaja na pembe kama nyota, nikaziba kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Halivuji mpaka leo. Nikavuta waya kutoka kwenye mita, nikauzungusha nyuma ya nyumba, nikafunga swichi kwenye ukuta wa nyuma wa jiko, kwa nje. Wewe ulikuwa kidato cha tatu, umesimama hapo na sare ya shule na kidole chako kirefu.

"Baba, huu wa kijani na njano unakwenda wapi?"

"Huo wa urembo."

"Mwalimu wa fizikia anasema huo ndio unaokwenda ardhini."

"Mwalimu wako amewahi kupika komoni?"

"Hapana."

"Basi."

Nikaukata kwa meno mbele yako, nikautema. Ulicheka, ndiyo, ila ulicheka nusu. Nakumbuka ile nusu.

Upishi wa kwanza unaukumbuka, hata wa Matombo wanaukumbuka kwa harufu. Nilimwaga maji, nikamwaga unga, nikawasha, kama vile tulivyozoea kwenye gesi. Taa za nyumba zikafifia, redio ya jirani ikaanza kuongea polepole kama mlevi. Nikasema, umeona nguvu hiyo! Uji ukashikana na ile hita, ukaigandia kama zege, ukaungua kwa ndani huku juu bado wa baridi. Bibi yako alionja kwa ncha ya kidole.

"Zita, mwambie baba yako ametupikia kiatu."

Na Kibwana, yule fundi baiskeli wa pale njia panda, ambaye pombe hanywi na swala haimpiti ila habari za komoni anazijua kuliko walevi, akapita barabarani akipaza sauti: "Deo! Kwako kuna tairi linaungua, au ndiyo maendeleo?" Wiki nzima soko lote lilikuwa linaniita Maendeleo. Nilivyokasirika nikaichomoa ile hita, nikaikwangua ukoko wake kwa panga. Niliikwangua kweli, mpaka ikang'aa. Liweke hilo akilini.

Sasa nikwambie jambo la kwanza ambalo halijawahi kutoka mdomoni mwangu. Ile njia ya kuchemsha maji matupu kwenye pipa la hita, kisha kuyachota yakiwa yanatokota na kukorogea unga kwenye pipa la pili, halafu pipa lile la pili kulifunika kwa magunia na majani ya mgomba lijiivishe lenyewe mpaka asubuhi, ile njia ambayo nimewaeleza watu wa Mkuyuni wote kwamba ilinijia usingizini, ilikuwa yako. Ulinichorea kwenye vumbi kwa kijiti. Nikakwambia "nitaifikiria," nikakupa mgongo, nikaenda kumwambia bibi yako, kupitia kwako wewe mwenyewe, kwamba nimepata wazo. Ukabeba wazo lako mwenyewe ukalipeleka ndani kama la kwangu. "Bibi, baba amepata wazo." Hukupepesa jicho. Mtoto gani wewe!

Na wazo likafanya kazi. Komoni ikatoka laini, haina harufu ya moshi wala ya gesi. Bibi yako akaacha kukohoa kwa ugonjwa, akabaki na kikohozi cha hodi. Mitungi tukaisukuma nyuma ya banda la mbuzi. Kibwana naye akaacha kusema tairi, akaanza kuuliza maswali, na mimi maswali ya watu ndiyo chakula changu.

Bibi yako aliweka sharti moja tu, na akalileta kupitia kwako: swichi ishikwe na mtu mmoja, na mtu huyo awe wewe. Sababu yake ilikuwa rahisi. Kuchota maji kwa kata ya bati kwenye pipa lenye umeme yeye alikuwa hataki, na mimi na yeye hatuwezi kuulizana. Wewe ndiye pekee uliyekuwa unaongea na pande zote mbili. Kwa hiyo ukizima unakwenda kwake, unasema, "Nimezima, bibi," ndipo anachota. Hapo kabla hata ya chuo wewe ulikuwa fundi, na bibi yako asiyejua kusoma ndiye aliyekuajiri. Mimi nilikuwa msemaji wa mradi.

Miezi minne hivyo, hakuna tatizo.

Halafu siku ile. Naiandika kama ilivyotokea, maana sisi hapa nyumbani huwa tunaiita "siku ile" na tunanyamaza. Ilikuwa Ijumaa, tunapika kwa ajili ya gulio. Maji yalikuwa yameshatokota. Bibi yako yupo uani mbele anapepeta kimea. Ukazima, ukazunguka mbele ukamwambia, "Nimezima, bibi," ukachukua ndoo mbili ukaenda bombani. Bibi yako akamalizia ungo wake, akakohoa kama anavyokohoaga, akaingia na kata yake.

Wewe ulikuwa unarudi na ndoo. Ulisikia kata inalia chini na bibi yako anaita jina la mama yake. Umeme ulimrusha nyuma, maji yakamfuata mguuni. Nawe ukatupa ndoo zote mbili, ukazunguka nyuma, ukapiga swichi chini kwanza, ndipo ukaingia ukamshika. Mimi nilifika mlangoni na nikasimama hapohapo. Mama mkwe yuko chini, amelala, khanga imepanda, na mimi nimeshika mwimo wa mlango natazama darini. Mpaka leo nikijiuliza kama ilikuwa heshima au woga, najipa jibu linalonipendeza.

Jirani wakajaa. Sasa sikiliza walivyofikiri watu. Walikuona umekimbilia swichi kabla ya bibi yako, wakasema: unaona, anajua alichosahau. Kile kitu sahihi kuliko vyote kilichofanywa siku ile, kilichofanywa na mtu mmoja tu mwenye akili pale uani, ndicho kilichokufunga. Fundi wa umeme aliyekuja baadaye alisema kama ungemshika kwanza, na sakafu ile ilivyoloa, tungekuwa na wawili chini. Lakini alisema kwangu, na mimi sikukuletea.

Mama yako akakuuliza, "Si ulisema umezima?"

"Nilizima."

"Sasa mbona ilikuwa inawaka?"

Ukatazama watu, ukanitazama na mimi. Ukasema, "Labda nilidhani nimezima."

Na mimi nikasema, kwa upole kabisa, sauti ya baba mwenye nyumba: "Msimgombeze. Mtoto ni mtoto." Jirani wakanisifu. Mama mmoja alisema Deo siku hizi ana busara. Nilisikia, na nilipenda.

Bibi yako alilala zahanati, kisha akalala ndani miezi miwili mguu umefungwa. Ulikuwa unamwosha kile kidonda asubuhi na jioni, hutaki hata mama yako akusaidie. Yeye hakuwahi kukulaumu, nawe ukaona bora angekulaumu. Yule fundi alifungua kila nilichofunga. Akaniuliza nani amekata waya wa ardhini. Nikamwambia umekatika wenyewe. Waya una alama za meno, na mtu ananitazama meno! Akaniuliza nani ameikwangua hita mpaka ikapata ufa. Nikamwambia imekuja hivyo dukani. Akafunga mpya, akafukia chuma ardhini, akaunganisha ule wa kijani na njano, akasema sasa hata mtu akikosea pipa halitampiga. Likafanya kazi, linafanya kazi mpaka leo, na watu wakija kuangalia nawaonyesha kile chuma nawaambia nilishauri mimi.

Mambo ya waya na panga niliyakiri kwako mwezi uliopita, unakumbuka, tukiwa shambani? Niliyasema kwa kuchekesha. Ulicheka, ukasema, "Hata hivyo baba, kama ningezima isingempiga." Ukaendelea kupalilia. Nilidhani nimeshusha mzigo, kumbe nilishusha ule mwepesi.

Maana nimekuona, Zita. Tangu siku ile hugusi swichi. Chaja ya simu unamwomba mama yako akuchomekee. Taa ya chumbani kwako unalala inawaka, kwa sababu kuizima ni lazima uende uhakikishe, urudi, uende tena uhakikishe. Redio ya jirani ilipoharibika ukasema hujui redio. Halafu hiyo fomu. Mtu anayejiona wa kusahau swichi hawezi kwenda kusomea swichi, nakuelewa. Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo. Ila mimi siyo wewe, mimi ni mtu niliyekuwa pale.

Leo asubuhi, ulipotoka tu, nilifanya kitu ambacho hakijawahi kutokea nyumba hii. Bibi yako alikuwa jikoni. Nikaenda nikakaa chini nje ya ukuta, mgongo kwenye udongo. Nikasema, "Mama."

"Zita hayupo."

"Najua mama. Nazungumza na wewe."

Nikasikia mwiko unasimama. Nilidhani atatoka aondoke. Hakutoka. Nikamweleza, neno kwa neno, bila mtu wa kunibebea. Miaka kumi na nane, na kumbe ukuta ule unapitisha sauti vizuri tu. Nilipomaliza nikangoja kutukanwa, nilikuwa nimejiandaa, nimestahili. Mwiko ukaanza tena kuzunguka. Akasema, "Mguu wangu umepona, baba Zita." Ukazunguka mara nyingine mbili tatu. "Na huyo anayekwenda kushona?"

Basi. Nikaja nikachukua kalamu, na nimezunguka kurasa zote hizi kukuonyesha mitungi na mapipa kwa sababu nilikuwa naogopa kufika hapa.

Ulizima.

Nilikuwa nimekaa kwenye gogo pale nyuma, nikakuona kwa macho yangu unashusha swichi, nikasikia ilivyolia. Ulipokwenda bombani, Kibwana akapita njia ya nyuma na baiskeli ya mtu. Akasema, "Deo, hivi hilo pipa lako linachemka kweli au mnachemsha kwa mdomo?" Nikamwambia njoo uone. Maji yalikuwa yameanza kutulia. Nikaipandisha swichi, nikamwingiza jikoni, yakatokota mbele yake, akashika kiuno akasema, "Bwana wee!" Niliisikia ile bwana wee mpaka kwenye nyayo. Hapo bibi yako akakohoa mlango wa mbele. Nikatoka wa nyuma mbio, kama mkwe mwenye adabu, nikamshika Kibwana mkono nikamsindikiza mpaka barabarani nikimweleza habari za wazo lililonijia usingizini. Swichi nikaiacha juu. Mtu wa kupeleka neno ndani alikuwa bombani, na mimi mwenyewe sikufungua mdomo wangu nikasema kupitia ule ukuta, "Mama, usichote."

Na ulipoulizwa, ukasema "Nilizima," ukanitazama mimi, nilijua unasema kweli. Nilijua palepale, mbele ya watu wote wale, nikanyamaza nikakuacha ujione mwongo.

Baba yako,
Deo